Sherehe Iliyoendelezwa Mara Mbili

Sefania wa Mgwashi aliondoka nyumbani Uhuru ukiwa bado mchanga, kijana aliyewashinda wenzake wote kwa hesabu katika shule ya misheni, akarudi mwaka 1974 akiwa Daktari Sefania. Kijiji kilifurahi kupita kiasi. Kabla mizigo haijateremshwa vichwani, wagonjwa walikuwa wamekwisha kujipanga uani kwa mama yake, Bi Dorkasi, na Sefania akalazimika kuwaeleza mmoja mmoja kwamba udaktari wake si wa homa wala wa meno, ni wa kompyuta. Mzee mmoja mwenye goti bovu aliuliza hiyo kompyuta iko upande gani wa mwili. Alipoambiwa haiko mwilini, aliokota mkongojo wake akaenda zake, akinung'unika kwamba ughaibuni wamemharibu mtoto wa watu.

Bahati ya Sefania ilikuwa mbovu kweli kweli. Mwaka huohuo aliorudi, serikali ilikuwa imezuia kompyuta zisiingizwe nchini. Habari hizo alizipata Mombo, akisubiri basi la kupanda Lushoto, sanduku la vitabu likiwa miguuni pake. Alikuwa ameumalizia ujana wake Uskochi akisomea mashine, na sasa nchi yake ilikuwa imetangaza kwamba mashine hiyo haina haja nayo kwa wakati huu. Alifikiria kugeuza, lakini basi lilikuwa limefika na kondakta alikuwa amekwisha kulitupa sanduku juu ya keria.

Na hata hivyo hakusomea mashine yenyewe. Alisomea lugha za kuiamrisha, tena zile ambazo ndani yake hesabu nzima ni kanuni tu: kanuni hupokea kitu na kutoa kitu, na kanuni yenyewe nayo yaweza kupokewa na kutolewa kama kitu kingine chochote. Katika bahari hiyo alichagua tone moja, akaliita mwendelezo. Mama yake alimuuliza jikoni ni kitu gani, naye akamweleza huku akimenya viazi. Ukiambiwa jumlisha tatu na nne, kisha zidisha kwa mbili, kisha taja jibu, basi wakati unajumlisha kuna kazi iliyosalia inakungoja, nayo ni kuzidisha na kutaja. Kazi hiyo iliyosalia ndiyo mwendelezo. Watu wengine huiacha ielee hewani. Yeye na wenzake waliikamata, wakaishika mkononi. Ukiisha kuishika unaweza kumkabidhi mtu mwingine, unaweza kuiweka akiba, unaweza kuitupa na shughuli ikaishia hapohapo, na ukitaka unaweza kuiachilia hata mara mbili.

Bi Dorkasi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hicho ndicho kilichomweka huko miaka yote hiyo. Sefania akakiri ndicho. Mama akasema si neno, mbona mjomba wake alikaa Tanga miaka mingi zaidi na akarudi bila hata hicho.

Jumapili ya kwanza baada ya ibada, Sefania alivaa koti lake la Uskochi akatembea mpaka Kwemhungu kumwona Efrazia. Kabla hajasafiri walikuwa wamechumbiana. Mahari ilikuwa imeanza kuzungumzwa, na siku ya kuagana Efrazia alimsindikiza hadi kwenye kona ambapo njia inaingia msituni. Katika kipindi chote cha Uskochi Sefania aliiweka kona ile moyoni kama mtu aliyekunja ukurasa wa kitabu. Barua zilikuwa zimekatika mwaka wa tatu, jambo ambalo yeye alilihesabu kuwa tatizo la posta.

Alimkuta Efrazia akiwa mke wa Fanueli, kiongozi wa tarumbeta za kanisa, mama wa watoto, na mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa cha Kwemhungu. Alimkaribisha vizuri, akamwuliza habari za baridi ya kule. Sefania, badala ya kujibu habari za baridi, alisema alichokuwa amekibeba.

"Nilidhani tutaanzia pale tulipoishia."

"Ulipoishia wewe, Sefania," Efrazia akasema taratibu. "Mimi sikuishia popote. Niliendelea."

Fanueli akaingia na chai. Alikuwa mtu mwema mpaka inaudhi. Alimwekea mgeni sukari, ambayo mwaka ule ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, akamwuliza kama kule Uskochi nako wanapiga tarumbeta. Sefania alikunywa chai yote hadi majani. Kinachochekesha, kama kuna anayetaka kucheka, ni kwamba katika tasnifu yake ilikuwamo sura nzima juu ya jambo hili: kwamba ukiurudia mwendelezo uliouweka akiba, unarudi mahali palepale, lakini vitu vilivyobadilika huku nyuma vinabaki vimebadilika. Watahini waliisifu sura hiyo kuliko zote. Mwandishi wake alishuka kutoka Kwemhungu siku ile akitazama chini, na kwa majuma kadhaa Bi Dorkasi alikuwa akimwona anakaa mbele ya chakula bila kukigusa.

Kazi aliyopangiwa ilikuwa Lushoto, katika Idara Ndogo ya Uratibu wa Shughuli. Idara hii ilikuwa na wajibu wa kuratibu shughuli za idara nyingine, ambazo nazo zilikuwa na waratibu wao. Mkuu wake, Ndugu Mbaraka, alivaa suti ya Chuenlai, ile ya Kichina yenye vifungo hadi shingoni, hata siku za joto, ambazo Lushoto si nyingi, na kofia ya manyoya aliyokuwa akiivua na kuivaa kulingana na uzito wa jambo. Alikisoma cheti cha Sefania kwa makini, akalikuta neno moja alilolifahamu.

Akasema kwa furaha kwamba hapa wamepata mtu. Cheti kinasema Ndugu Sefania ni mtaalamu wa programu, na Idara kila juma inatakiwa kuandaa programu: ya kupanda miti, ya kupokea mbio za mwenge, ya kumpokea mgeni rasmi. Sefania alijaribu kueleza kwamba programu hizo mbili hazina undugu. Mbaraka akamjibu kwamba ubaguzi wa namna hiyo uliondoka na mkoloni.

Kwa hiyo daktari wa lugha za kompyuta akakabidhiwa mwendo wa sherehe. Mwanzoni alihudhuria tu na kutazama, na alichokiona kilimtia uchungu wa kitaalamu. Kila mtu aliyemaliza sehemu yake alirudi meza kuu kumwarifu Mbaraka kwamba amemaliza. Mbaraka alitafakari, akanong'onezana na aliye kulia, akanyosha mkono, ndipo kinachofuata kikaanza. Kwaya ilimsubiri msoma risala, msoma risala aliwasubiri wapiga ngoma, wapiga ngoma walimsubiri Mbaraka, na Mbaraka alikuwa ameagiza maji ya kunywa. Miti ilipandwa saa ambazo hata mti wenyewe ungependa kulala.

Sefania akaamua kuwatendea watu wema. Katika sherehe ya kupanda miti kwenye shule moja ya msingi, alizunguka siku mbili kabla akimpa kila mhusika sehemu yake, na pamoja na sehemu hiyo akampa yote yaliyosalia. Alimwambia kiongozi wa kwaya: ukimaliza usirudi meza kuu, mkabidhi mwalimu wa zamu, naye anajua baada yake ni nani. Mwalimu akaambiwa vivyo hivyo, na aliyefuata hivyo hivyo. Hakuna aliyemrudia mtu, hakuna aliyemsubiri mtu. Sherehe ilitiririka kama maji ya mfereji, ikaisha umande ukiwa bado majanini, na watu wakawahi mashambani kwao. Mgeni wa siku ile alisema hajapata kuona wilaya yenye nidhamu hivi.

Mbaraka alikaa meza kuu asubuhi yote, mkono ukiwa tayari kunyoshwa, na hakuna aliyekuja kuutazama.

Kesho yake alimwita Sefania ofisini. Alimwambia kwamba jana sherehe imekwisha bila yeye kusema neno hata moja. Sefania akaitikia kwa unyenyekevu, akidhani anasifiwa. Ilibidi Yunis, mpiga chapa wa Idara aliyekuwa akisikia yote kupitia dirisha dogo, amkanyage mguu alipopita ndipo akaelewa. Mbaraka alitaka programu ambayo ndani yake kila jambo, kabla halijaendelea, linapita mikononi mwake. Akauliza kama huko Uskochi hawakufundishwa kitu cha namna hiyo.

Mtu mwenye busara angesema hawakufundishwa. Lakini tangu arudi nchini hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza Sefania swali juu ya fani yake akitaka jibu kwa dhati, na sasa ameulizwa. Uso wake ukawaka. Akachukua chaki akaenda ubaoni. Alieleza kwamba zipo amri za kushika usukani wa hesabu: katikati ya kazi mtu anasema simama, na yote yaliyosalia yanakamatwa na kuwekwa mkononi mwake. Asipoyaachilia, hakuna kinachoendelea.

Mbaraka, ambaye kwa kawaida alisinzia kabla ukurasa haujageuzwa, alisikiliza kwa makini ya kutisha.

"Aliyeyakamata anaweza kuyatupa?"

"Anaweza, Ndugu Mratibu."

"Anaweza kuyaachilia zaidi ya mara moja?"

"Kinadharia, ndiyo."

Neno kinadharia halikufika masikioni mwa Mbaraka. Sefania aliendelea kuonya kwamba kilichotumika katika mara ya kwanza hakirudi kwa mara ya pili, akachora mpaka mchoro wenye mishale, lakini Mbaraka alikuwa amekwisha kumwita Yunis apige chapa programu mpya. Mstari wake wa katikati ulisomeka: Kilichosalia kitakuwa mikononi mwa Ndugu Mratibu, na kitaachiliwa atakapovua kofia.

Programu hiyo ilitumika kwanza Kwemhungu, siku ya kufungua ghala la mboga. Ghala lilikuwa zuri. Wanakijiji walilijenga kwa mawe wakiongozwa na Efrazia, ili kabichi na karoti zisiozee barabarani zikingoja lori. Mgeni rasmi angekuwa mkubwa mmoja kutoka makao makuu, na kwa heshima yake kijiji kilichinja fahali na kutafuta mchele. Ikumbukwe kwamba huo ulikuwa mwaka wa njaa, watu wakila unga wa njano uliotoka ng'ambo na kuulalamikia kila siku. Harufu ya pilau ilipopanda bondeni, watu walikuja hata kutoka vitongoji ambavyo havikualikwa.

Mambo yalianza sawasawa. Mkubwa alifika, kwaya ikaimba, Fanueli na wenzake wakapuliza tarumbeta mpaka ng'ombe wakaitikia. Kisha, kama ilivyopangwa, yote yaliyosalia yakakamatwa: utepe, risala, hotuba, shukrani, chakula. Yalikuwa mkononi mwa Mbaraka, naye alisimama mbele ya watu na kofia yake kichwani kama mtu aliyebebeshwa taa ya kanisa.

Hapo ukungu ukashuka. Ulishuka kama unavyoshuka Usambara, bila kubisha hodi, na pamoja nao manyunyu. Mkubwa alikuwa mtu wa pwani aliyekuja na shati jepesi, na meno yake yakaanza kugongana. Iliamuliwa apumzishwe nyumbani kwa mwalimu mkuu mpaka ukungu uondoke. Sefania akatumwa amsindikize na mwavuli. Kabla hajaenda alimwambia Mbaraka jambo moja tu, kwamba asivue kofia mpaka mgeni arudi. Mbaraka alimtazama kama mtu anayefundishwa kupumua.

Nyumbani kwa mwalimu, mkubwa alipewa blanketi na uji wa moto. Kwa adabu akamwuliza Sefania alisomea nini. Sefania akaeleza. Alipofika kwenye kanuni zinazopokea kanuni, mkubwa alikuwa amelala fofofo, na kwa haki kabisa hakuna wa kumlaumu.

Huku uwanjani Landrova ilitokea ndani ya ukungu. Waliokuwamo walikuwa wakaguzi wa barabara waliopotea njia ya kwenda Bumbuli. Kiongozi wao, Rajabu, alikuwa mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, akauliza kwa nini umati wote huu unasimama kwenye manyunyu. Mbaraka akajibu kwamba kuna sherehe na imesimamishwa. Rajabu akauliza, bila nia mbaya, kama hapa hakuna mwenye mamlaka ya kuiendeleza.

Swali hilo lilimchoma Mbaraka mahali pabaya. Alitazama kulia na kushoto, akavua kofia.

Watu wa Kwemhungu walikuwa wamefundishwa vizuri. Kofia imevuliwa, basi kazi iendelee, na kila mmoja alijua anayemkabidhi. Tarumbeta zikalia. Mkasi ukatolewa, na kwa kuwa mtu mwenye cheo aliyekuwa amesimama karibu na utepe alikuwa Rajabu, ukapewa yeye. Mtu aliyepewa mkasi na utepe hana la kufanya ila kukata. Katibu wa kijiji, mzee Hezekia, akamsomea risala yote. Rajabu akajibu kwa hotuba juu ya umuhimu wa mitaro kando ya barabara, hotuba ambayo kusema kweli ilikuwa na maana kuliko nyingi tulizozizoea. Efrazia alijaribu kumwendea Mbaraka na kumwuliza mgeni mwenyewe yuko wapi, lakini zamu haikuwa yake na mwendo haukuwa na mahali pa kurudia. Shukrani zikatolewa. Masufuria yakafunuliwa. Na watu waliokula unga wa njano miezi na miezi wakala pilau.

Sefania alisikia tarumbeta akiwa kwa mwalimu, akaacha mwavuli akakimbia. Alipofika, ukungu ulikuwa unaondoka, Landrova ilikuwa imekwisha kupata njia yake, na wazee walikuwa wakichokoa meno. Alimweleza Mbaraka kilichotokea, kana kwamba Mbaraka hakuwapo. Mratibu alikuwa ametulia kabisa.

"Wewe mwenyewe ulisema kilichosalia chaweza kuachiliwa hata mara mbili," akasema.

"Inarudi zamu, Ndugu Mratibu. Wali haurudi."

Mbaraka akamwambia asiwe na wasiwasi wa kisomi, akavaa kofia yake upya.

Mkubwa akarudi akiwa amechangamka kwa usingizi. Mbaraka akasimama mbele ya watu, akavua kofia kwa mara ya pili. Na wanakijiji, ambao hawakuwa wameambiwa lolote kuhusu kukataa, wakaanza tena. Fanueli akapuliza tarumbeta kwa mashavu mazito ya mtu aliyeshiba. Utepe Efrazia aliufunga fundo upesi upesi, na mkubwa akaukata pembeni ya fundo bila kuuliza. Mzee Hezekia akasoma risala ileile, akakohoa palepale alipokohoa mwanzo, na watu wakapiga makofi palepale walipopiga. Mkubwa akahutubia juu ya kujitegemea. Shukrani zikatolewa na mtu yuleyule, ambaye safari hii alionekana hana hakika anashukuru nini. Kisha wanawake wakaenda kwenye masufuria, kama zamu yao ilivyotaka, wakafunua.

Mbaraka aliyatazama masufuria kwa muda, kama anayengoja yatekeleze wajibu wao. Hata akavaa kofia na kuivua tena, polepole zaidi. Mifupa haikusogea.

Ni Efrazia aliyemaliza jambo. Alimwendea mkubwa akamwamkia shikamoo, akamwambia ukweli ulivyo: kwamba chakula chake kimeliwa na wapita njia na kijiji kizima, na yeye kama mwenyekiti naye alikula. Nyumbani kwake kuna viazi na mshunga, mboga chungu ya huku kwetu, na moto jikoni. Kama hatajali, karibu.

Mkubwa alikwenda. Alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga, magoti yakimkaribia kidevu, akala viazi vya kuchemsha na mshunga akaongeza. Wanaosema kwamba alikasirika hawakuwapo. Sefania aliyekuwapo, kwa kuwa Fanueli alimvuta mkono aingie naye, anasema mkubwa alimweleza Efrazia habari za mama yake mzazi, aliyekuwa akiuza mihogo, na kwamba alipoondoka aliomba majani ya mshunga yafungwe kwenye gazeti. Siku ile Sefania alikula jikoni kwa Efrazia akiwa ameketi kati ya watoto wake, na ndiyo siku ya kwanza tangu arudi nchini alipojisikia ana njaa ya kweli. Alimtazama Fanueli akipuliza moto na hakumwonea wivu, akashangaa mwenyewe.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, na kwa kweli yangeishia hapo kama kusingekuwa na taarifa. Rajabu, mtu mwaminifu, aliandika kwamba katika safari yake alifungua ghala moja Kwemhungu. Msaidizi wa mkubwa naye akaandika kwamba mkubwa alifungua ghala moja Kwemhungu. Taarifa zilipojumlishwa na watu wanaojumlisha mambo, Kwemhungu ikawa na maghala mawili, na Idara Ndogo ikapongezwa kwa kuvuka lengo. Mbaraka alipandishwa cheo akawa mkuu wa Idara Kubwa. Hotuba yake ya kuagwa ilisifu sana matumizi ya sayansi.

Baadaye, bila shaka, mtu fulani akaja kuliona ghala la pili. Efrazia alimwonyesha la kwanza, akamwambia alitazame mara mbili. Huyo mtu hakuwa na utani. Ikaundwa kamati, na kamati ikakaa Lushoto chini ya uenyekiti wa Mbaraka, kwa kuwa yeye ndiye aliyelijua jambo hilo kwa karibu. Sefania akaitwa kueleza mwendelezo ni nini. Alieleza. Mjumbe mmoja akauliza kama jambo hilo limetajwa popote katika siasa ya nchi. Mwingine akauliza kama linaweza kulimwa. Ndipo Sefania akasema wazi, bila kupandisha sauti, kwamba aliyevua kofia mara zote mbili ni mwenyekiti wa kamati hii. Mwenyekiti akamshukuru, akamwomba ajikite kwenye masuala ya kitaalamu.

Wakamhamishia Magoma, chini ya mlima, akafundishe hesabu. Kwa mtu wa Mgwashi aliyezoea kulala na mablanketi mawili, kupelekwa kwenye joto lile kulihesabiwa kuwa adhabu ya kutosha.

Siku ya kuteremka, Efrazia na Fanueli walimletea gunia la viazi kituoni. Fanueli alipopanda juu ya basi kulifunga, Sefania alimwambia Efrazia kwamba anajutia ile Jumapili, kuja kwake kama mtu anayedai kiti alichokiacha. Efrazia akasema kilichopita kimepita, ila barua zake za mwaka wa tatu zote zilikuwa za hesabu, na msichana hawezi kuolewa na hesabu. Wakacheka wote wawili, na basi likaondoka kabla hawajamaliza.

Magoma alikaa. Asubuhi alifundisha watoto, na alasiri aliwafundisha watu wazima katika banda la mahindi, chini ya bati lililokuwa likitoa mlio kwa joto. Hao watu wazima walikuja kujifunza kusoma na kujumlisha, lakini walikuwa na tabia ambayo Idara haikuwa nayo: ukiwaambia jambo wanataka kujua sababu. Ramadhani, aliyewahi kukata mkonge mpaka mgongo ukakataa, ndiye aliyeuliza mwalimu alisomea nini huko ng'ambo. Sefania alisita. Kisha akaona heri awaonyeshe, maana mashine haipo na wao wapo.

Akawasimamisha kwa mstari. Ramadhani kazi yake kujumlisha tu. Zainabu, muuza ndizi, kazi yake kuzidisha kwa mbili. Mwingine kuzidisha kwa tatu, mwingine kutoa kumi, mwingine kutaja jibu kwa sauti. Namba ikiingia inapita mkono kwa mkono, na kila anayemaliza anamwambia anayefuata namba pamoja na kazi iliyosalia. Walikosea sana, wakafurahi sana. Katika ukungu wote wa Uskochi, na mashine yenye ukubwa wa nyumba, Sefania hakuwahi kuona hesabu ikiwachekesha watu.

Bi Dorkasi aliteremka kumwona mwanawe msimu wa mapeasi, na kapu lake, akilaani joto tangu Mombo. Alifikishwa bandani moja kwa moja, akaikuta mashine inafanya kazi. Aliyekuwa akizidisha kwa tatu alikuwa anaumwa siku hiyo, basi Sefania akamwomba mama yake asimame kwenye pengo lile. Alimweleza afanye nini. Bi Dorkasi akakubali, akasimama katikati ya mstari na kapu miguuni.

Namba ikaja mpaka kwa Zainabu, Zainabu akaizidisha, akamgeukia Bi Dorkasi akamwambia ishirini na nne, zidisha kwa tatu, kisha kumi itolewe, kisha itajwe. Bi Dorkasi akamtazama tu. Zainabu akarudia. Mstari wote ukasimama.

"Huyu binti hajaniamkia," Bi Dorkasi akamwambia mwanawe kwa Kishambaa, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili mwenyewe asikie.

Zainabu akapiga magoti kidogo, akatoa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za nyumbani na za ndizi. Na alipokuwa akijibu habari za ndizi alishtuka, akasema samahani, si ishirini na nne, ni ishirini na sita, alikuwa amekosea. Bi Dorkasi akaipokea hiyo, akafikiri, akaikabidhi mbele kwa sauti ya mtu anayeuza kitu kizuri.

Toka siku hiyo Sefania aliongeza kanuni moja ubaoni: hakuna kukabidhi kazi kabla ya kuamkiana. Mashine ya Magoma ikawa ya polepole kuliko zote zilizowahi kujengwa duniani, na makosa yakapungua nusu. Bi Dorkasi, aliyekuja kwa juma moja, alikaa mpaka mapeasi ya kapuni yakaisha na Fanueli akaleta mengine, maana ile nafasi ya kuzidisha kwa tatu alikuwa amekwisha kuizoea na hakutaka kumwachia mtu.